Diski Mia Tano za Kwaya ya Elburgon

Jambo lote lilinigharimu shilingi elfu themanini na tano. Mashine elfu hamsini na nane, diski tupu elfu kumi na tatu na mia mbili, makasha ya plastiki elfu saba na mia tano, kava za rangi elfu nne, na nauli ya Nakuru kwenda Elburgon na kurudi elfu mbili na mia tatu. Nimejumlisha kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu, na jibu ni lile lile. Mchumba sikumtia kwenye hesabu. Ningemwandika safu gani?

Mwaka huo wa 2007 nilikuwa na chumba kimoja juu ya duka la viatu, mjini Nakuru, na kazi yangu ilikuwa kutoa kopi za diski. Harusi, mazishi, mahubiri, mikutano mikuu ya vyama vya akiba. Mtu anakuja na diski moja, anataka hamsini. Nilikuwa nazitoa kwa kompyuta, moja baada ya nyingine, mpaka wateja wakawa wananipigia simu kuuliza kama naziandika kwa mkono.

Mashine yenyewe ya kunakili ni sanduku la chuma, kimo chake kama mbuzi aliyesimama, na lina midomo minane. Mdomo wa juu unasoma, saba ya chini inaandika. Unaweka diski mama pale juu, ile tunayoita masta, unailisha tupu saba chini, unabonyeza kitufe kimoja, unaenda kunywa chai. Ukirudi midomo yote imefunguka kama ya vifaranga. Ikikutana na diski mbovu inaitema na kuwasha taa nyekundu. Ina njia ya haraka, na ina njia ya kunakili kisha kusoma kila kopi upya na kuilinganisha na masta. Hiyo ya pili inakula muda maradufu. Kila mtu wa biashara hii niliyemjua alitumia ya haraka. Mimi nilitumia ya pili, na sitaki kujisifu. Ni ugonjwa tu.

Niliinunua kwa mzee mmoja Mhindi, ambaye babu yake aliuza taa za mafuta katika duka lile lile. Alianzia elfu sabini na tano.

"Mzee, hiyo ni bei ya mashine ama ya duka?"

"Duka huwezi. Hata baba yangu alikataa kuwauzia watu wenye pesa."

"Na ikiharibika?"

"Ukinunua haitaharibika. Ukiendelea kuipapasa bila kununua, itaharibika leo."

Nilirudi siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Mara ya mwisho alizipokea zile elfu hamsini na nane kama mtu anayepokea habari za msiba, akanipa chai ya tangawizi, akaniambia, "Wewe ukienda kuoa, uwaonee wakwe zako huruma."

Nikamwambia mashine ilikuwa ya kazi hiyo hasa. Nilikuwa nataka kuoa, na mtu hawezi kuoa akitoa kopi moja moja.

Msichana mwenyewe alikuwa wa Elburgon. Alifundisha watoto wa chekechea na aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao. Tulijuana mwanzoni mwa mwaka, kwaya ilipomtuma aje aniulize bei ya kutoa albamu yao ya video. Baadaye aliniambia walimchagua yeye kwa sababu hacheki ovyo. Nilimtajia mia na ishirini kwa kopi, na kasha lake.

"Kwani hiyo diski inaimba yenyewe?" akauliza.

"Kazi nzuri ina bei yake, madam."

"Kazi sijaiona. Nimeona ngazi tu, na hizo nimepanda bure. Sitini."

Tulifika themanini. Mpaka leo naamini ningemshinda kama nisingekuwa namtazama.

Kwao ni kwingine na kwetu ni kwingine. Lugha ya mama yangu siyo ya mama yake. Nawaambia hivyo tu, na aliyeishi Rift Valley hahitaji nimalizie. Mpaka Desemba ile, hilo lilikuwa jambo la utani. Babake, mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, mtu mrefu wa kofia ya sufu, alikuwa akinikaribisha mezani kwa kusema, "Mpeni viazi vingi. Hawa kwao hula wakihesabu."

Nilipopeleka wazee wetu kuzungumza mahari, desturi ilikuwa kijana akae kimya kwenye kona, wazee waseme. Mzee aliitisha elfu thelathini kama malipo ya kwanza. Mjomba wangu alimvuta polepole mpaka ishirini na mbili, wakakubaliana, wakawa wanataka kuomba dua ya chakula. Mimi pale konani nikakohoa. Nikauliza kama haiwezekani mzee akaondoa mia tano, maana nauli ya wazee wangu wanne ilikuwa imepanda.

Mjomba alitazama viatu vyake. Kisha mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua kofia.

"Huyu apewe," akasema. "Huyu akichukua mtoto wangu, hata sufuria haitapotea."

Basi ikawa elfu ishirini na moja na mia tano. Niliilipa mwezi wa Novemba, mkononi mwake, mbele ya wazee wote. Harusi ikapangiwa Aprili.

Wakati huo kwaya ilikuwa imemaliza kurekodi sauti na ilikuwa inatafuta mahali pa kupigia video. Mnajua kwaya zetu: lazima kuwe na maua na nyasi zilizokatwa vizuri. Wengi huenda kwenye bustani za hoteli, ambako utalipia mlango, utalipia kamera, na mlinzi naye atataka soda. Nikawaambia, ninyi ni watu thelathini na mna nyumba. Pigeni kwenu. Kila wimbo boma la mwimbaji mmoja. Walifurahi sana. Kina mama walipaka nyumba rangi, wakafagia nyua mpaka udongo ukang'aa.

Wimbo wa tatu ulipigwa kwa kina mchumba wangu. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, ya rangi ya kijani, na jikoni ilikuwa pembeni, inatoa moshi kwa sababu mamake alikataa kuzima moto wa chai ya wageni eti kwa ajili ya kamera. Mchumba wangu alisimama safu ya pili. Nyuma yake alikuwepo jirani yao, mwanamume wa sauti ya nne, na katikati ya ubeti kuku alipita mbele ya kwaya bila haraka, kama mkaguzi. Jirani yule akashindwa, akacheka. Mpiga video aliacha vile vile. Alisema kurudia kungekula kanda.

Nilitoa kopi mia tano mwezi wa Desemba, saba saba, kwa ile njia ndefu. Stima ilipotea mara kadhaa na kila ilipopotea iliondoka na diski saba. Lakini kufikia Krismasi zilikuwa tayari ndani ya makasha yake, na uzinduzi ulikuwa ufanyike baada ya mwaka mpya, keki na mgeni wa heshima. Kwaya ilikuwa imelipa elfu kumi, na baki ingetoka kwa mauzo ya siku hiyo.

Tukapiga kura. Halafu mambo yakawa vile mnavyojua.

Nyumba ya kijani iliteketea wiki ya kwanza ya Januari. Wao walitoka wazima, juu ya lori la mbao, pamoja na magodoro mawili na ng'ombe mmoja ambaye mzee alikataa kabisa kumwacha. Mwenye lori alimwambia hakuna nafasi ya ng'ombe. Mzee akamwambia, basi mimi nitashuka, yeye apande. Walienda kwa ndugu wa mamake karibu na Kariandusi, kule kwenye machimbo ya udongo mweupe. Kabla ya mwezi kwisha, Nakuru nayo ikawaka, na mimi nikafunga chumba changu, nikakaa ndani ya nyumba nikisikiliza.

Tulipofungua tena nilimpigia simu mwenyekiti wa kwaya kumuuliza kuhusu diski zao.

"Kwaya gani?" akasema. "Hakuna kwaya hapa. Kuna watu tu. Hizo diski fanya unavyotaka."

Na mchumba wangu tulikuwa tunaongea kwa simu, kwa kadi za simu za shilingi tano tano, sauti ikikatika. Alisema vumbi jeupe linaingia mpaka kwenye ugali. Alisema mamake haongei sana. Hakusema lolote kuhusu Aprili, na mimi sikuuliza, kwa sababu mtu haulizi bei ya kitu ambacho ameshalipia.

Mwezi wa Machi mzee alinipigia mwenyewe.

"Kijana, nataka kukuletea ile kitu yako."

"Kitu gani, mzee?"

"Unajua."

Nilijua. Kuna mambo machache sana ambayo mila za kwao na za kwetu hazibishani, na hili ni mojawapo: mahari ikirudishwa, na mkono wa kijana ukaipokea, uchumba umekwisha. Hakuna kesi, hakuna kikao. Lakini kijana asipopokea, msichana bado ni wa watu.

"Mzee, hiyo siwezi kupokea."

"Nitakuletea hata hivyo."

"Ukileta nitakupa chai, utarudi nayo. Hata ukiituma kwa simu nitairudisha."

"Hii si pesa ya kutuma kwa simu," akasema, na nikasikia nimemwudhi. "Kwani mimi nalipa stima?"

Alijaribu kwa kumtumia mjomba wangu. Mjomba alikataa. Alijaribu kupitia kwa mchungaji mmoja, naye akasema yeye hufunga ndoa, hafungui. Mimi nikatulia. Niliona mradi mkono wangu haujagusa zile noti, mimi ni mchumba wa mtu, na hasira za dunia zina mwisho.

Walikuja Jumanne moja ya Aprili, mchana. Nilisikia hatua kwenye ngazi nikazitambua kabla sijaona mtu. Mzee alikuwa na kofia yake ile ile, lakini kichwa kilikuwa kimepungua ndani yake. Binti yake alikuwa nyuma, viatu vyake vyeupe hadi kwenye kamba.

"Sijaleta ile kitu," mzee akasema kabla hata ya salamu. "Usiogope. Nimekuja kwa biashara."

Nilifurahi kiasi kwamba niliagiza chai na mandazi kutoka hoteli ya chini bila kuuliza ni pesa ngapi. Wanaonijua wangejua hapo hapo kwamba siko sawa.

"Zile diski za kwaya ziko?"

"Zote ziko."

"Ngapi?"

"Mia tano, mzee. Nimehesabu mara mbili."

"Nataka kuzinunua."

"Moja hununui. Nitakupa."

"Sijasema moja."

Nikamtazama msichana. Alikuwa anatazama mashine.

Mzee akaniomba nimwekee wimbo wa tatu. Tukatazama sisi watatu, kwenye televisheni ndogo niliyotumia kukagua kazi. Kwaya ikatokea, ikayumba kulia, ikayumba kushoto. Mzee hakuwa anatazama waimbaji. Alikuwa anainamisha kichwa huku na huku kana kwamba angeweza kuchungulia katikati yao.

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Dirisha la nyumba lilikuwa limeonekana kati ya mabega ya watu wawili.

"Mbao za hilo dirisha niliziranda mwaka aliozaliwa huyu," akasema. Kisha kidole chake kikasogea mpaka kwa mwanamume wa safu ya nyuma, ambaye mashine ilikuwa imemsimamisha mdomo wazi, anacheka. "Na huyu ndiye aliyeleta petroli. Mimi sikumwona. Nimeambiwa na mtu aliyemwona. Pengine ni uongo, Mungu anajua. Lakini siwezi kuacha hii kitu itembee sokoni mara mia tano, yeye akicheka mbele ya nyumba yangu, na mtoto wangu amesimama hapo akiimba amani."

"Si wa amani, Baba," msichana akasema. "Wa tatu ni wa mavuno."

"Haya. Mavuno."

Basi tukaanza kuelewana bei, na sijawahi kuona mapatano kama yale. Nilimwambia achukue zote bure. Akakataa, akasema yeye si mkimbizi wangu. Nikamwambia ishirini kwa diski, nirudishe tu ya plastiki. Akasema hamsini. Nikapanda mpaka ishirini na tano. Akashuka arobaini na tano.

"Mzee, mimi ndiye nauza. Mimi ndiye napaswa kupanda."

"Panda basi."

"Ishirini na sita."

"Unanionea," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba nikauona ule mcheko wake ukikaribia, ukasimama mlangoni, ukarudi. "Wacha maneno ya moja moja. Nitakupa jumla. Kwanza tuzivunje."

Tulizivunja mchana ule wote. Diski haivunjiki kama sahani. Inapinda, inakataa, halafu inapasuka na vipande vinaruka kama magamba ya samaki. Niliazima mikasi mikubwa ya kukatia mabati kwa fundi wa chini, nikampa mzee mmoja na mwingine nikabaki nao. Msichana alikunja kwa mikono, juu ya goti. Nilikuwa nafungua kasha, natoa, nahesabu kwa sauti, na mzee anarudia namba nyuma yangu, kwa hiyo kila diski ilihesabiwa mara mbili kabla ya kufa. Kuna mahali kati ya mia mbili na mia tatu tulipokuwa tunaenda vizuri sana, kama watu wanaomenya maharagwe, mzee akisimulia jinsi ng'ombe alivyotapika juu ya lori, mimi nikimuuliza kama ng'ombe alilipishwa nauli ya mtu mzima. Msichana alicheka. Nilifikiri, hii ndiyo familia yangu, inafanya kazi.

Kisha akajikata kidole gumba. Haikuwa kubwa. Nilishika kitambaa cha kufutia diski, nikainuka, nikakumbuka babake yuko. Nikampa mzee kitambaa, mzee akampa yeye, akajifunga.

"Unahesabu vizuri," mzee akaniambia, akikata nyingine. "Ungekuwa mkwe mzuri."

Nikasema mimi bado niko. Akanyoosha mkono apewe inayofuata.

Zilipokwisha aliuliza kama kuna nyingine mahali popote. Nilimwambia ukweli: kanda za kamera mpiga video alishazitumia tena kwa harusi, kama wote wanavyofanya, na kompyuta yangu ilikuwa imefutwa ili kazi nyingine ipate nafasi. Ilibaki masta, mle ndani ya mdomo wa juu. Nikabonyeza, ikatoka. Mzee hakuikata yeye. Alimpa binti yake. Naye akaishika kidogo, akajitazama mle kama kwenye kioo, akaikunja.

Mzee akatoa leso mfukoni, akaifungua, akaweka fungu la noti mezani kwangu.

"Hesabu."

Jamani. Maisha yangu yote nimehesabu mbele ya watu. Nimehesabu mbele ya mapadri. Lakini mtu ambaye amepoteza nyumba, amekaa chumbani kwangu na vipande vya diski kwenye nywele za mikono, nimhesabie noti zake usoni? Na binti yake yuko pale ananitazama, kidole kimefungwa kitambaa changu?

"Mzee, yako siwezi kuhesabu. Nakuamini."

Uso wake ulibadilika, na nilidhani ameguswa na heshima yangu. "Wewe?" akasema. "Hutahesabu?"

"Hesabu," msichana akasema. Hakuwa amenena nami neno moja kwa moja siku nzima.

"Nakwambia naamini."

Nikachukua zile noti kwa mkono wangu wa kulia, nikazitia kwenye droo. Mzee akasimama. Akanipa mkono, akaushika wangu kwa muda mrefu kuliko biashara inavyohitaji, akashuka ngazi. Msichana alibaki mlangoni. Aliitazama ile droo, akamfuata.

Nilifagia. Nilipomaliza kufagia, mkono wenyewe ukaenda kwenye droo, kwa mazoea tu. Noti za elfu, zimenyooshwa moja moja. Ishirini na moja. Chini kabisa kulikuwa na ya mia tano, imekunjwa peke yake.

Nilihesabu tena. Mnaelewa kwa nini nilihesabu tena. Nilikuwa naomba iwe elfu kumi na tisa, iwe ishirini na tano, iwe pesa yoyote ya diski.

Nilikimbia mpaka stendi, droo nimeiacha wazi, mlango nimeuacha wazi. Gari la kwenda upande ule lilikuwa limeshajaa na limeshaondoka. Kijana mmoja wa pale akaniuliza, "Niaje boss, umeibiwa?"

Jumapili nilienda Kariandusi na zile pesa ndani ya bahasha. Mamake alinisalimia kwa kunipa mikono yote miwili, akaingia jikoni, akakaa huko. Uani kulikuwa na mti wa kufungia ng'ombe na kamba juu yake. Ng'ombe hakuwepo. Sikuuliza alienda wapi, nilikuwa nimembeba kwenye bahasha.

Mzee alinipa chai. Nikamwambia nimekuja kurudisha.

"Kurudisha nini?"

"Mzee, unajua."

"Mimi nilinunua diski," akasema. "Ukiweza kuniletea zile diski zikiwa nzima, nitachukua pesa yangu. Unaweza?"

"Hiyo si haki. Ulinidanganya."

"Nilikuambia uhesabu. Mara moja, na binti yangu mara moja. Hizo ni mbili." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka sana, na alinisogezea sukari. "Sikia, kijana. Wewe sina neno na wewe. Lakini siku moto utakapowaka tena, huyu atakuwa upande gani wa mlango? Wa kwenu ama wa kwetu? Nijibu hilo, nitakwenda kumtafuta ng'ombe wangu nimrudishe."

Nimewahi kumjibu kila mtu. Mwenye nyumba, polisi wa trafiki, Mhindi wa mashine. Pale nilikunywa chai.

Msichana alinisindikiza mpaka kwenye lami. Tulipita kando ya machimbo na kila kitu kilikuwa cheupe, majani, mawe, punda wa mtu. Nilimuuliza kama alijua.

"Nilijua tangu nyumbani. Aliuza ng'ombe Ijumaa."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia hesabu."

"Ningehesabu, ingekuwaje?"

"Ungeona. Ungekataa. Angerudi nayo nyumbani, na mwezi ujao angetafuta njia nyingine, nawe ungekataa." Alikuwa anatembea akitazama mbele. "Pengine mwishowe angechoka. Baba huchoka."

"Wewe ulitaka nikatae?"

"Niliongea nawe neno moja siku nzima, na lilikuwa hilo. Ulitaka niimbe?"

Gari likaja. Alilisimamisha yeye, kwa ule mkono wenye kitambaa, akaniulizia bei kwa kondakta, akamteremsha shilingi ishirini, akanipandisha.

Huu mwaka wa 2008 umebakiza miezi yake ya mwisho sasa ninapoandika. Mashine inafanya kazi vizuri, na kazi imekuwa nyingi, ila ni mazishi zaidi kuliko harusi. Yeye hajaolewa, nasikia. Mimi nami sijaenda kwingine. Ile bahasha iko, sijatoa humo hata noti moja, hata mwezi wa Agosti nilipodaiwa kodi.

Nimeuliza wazee. Mjomba wangu anasema pesa ni ile ile, idadi ni ile ile, mkono uliopokea ni wangu, kwa hiyo imerudi, nitafute mwingine. Lakini mzee mmoja wa Olenguruone, ambaye amesuluhisha mambo ya ndoa tangu kabla sijazaliwa, aliniambia mahari hairudishwi kimya kimya juu ya ngazi; hurudishwa kwa maneno na mbele ya mashahidi, na kilichofanyika kwangu ni uuzaji wa diski, basi. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema hapana.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mnaosoma, hasa mliokwisha kuoza mabinti. Hii elfu ishirini na moja na mia tano, niihesabu kuwa ni ya kwangu au ni yake? Nimpelekee tena mzee nikiwa na mashahidi, nimnunulie ng'ombe nimfunge pale kwenye mti bila kusema neno, ama niiache hapa na ningoje? Mwenye kujua aniambie.